Udongo Adimu Kwenye Majaruba

Mwezi wa kumi ulikuwa unaelekea mwisho. Kila jioni mawingu yalikusanyika upande wa ziwa, yakatazama mashamba ya Magu, kisha yakatawanyika bila kuangusha tone. Lakini Justa hakudanganyika. Mvua ilikuwa njiani.

Asubuhi hiyo alikuwa shambani akiziba kingo za majaruba yake ya mpunga. Alichota udongo mzito kwa jembe, akaubandika kwenye ukingo, akaukandamiza kwa nyayo zake mpaka ukashikana. Kingo zikiwa imara, maji ya mvua hukaa. Maji yakikaa, mpunga huota. Hesabu ya mwaka mzima ya nyumba yake ilianzia hapo.

Mara akasikia jembe jingine. Halikuwa jembe la kuziba. Lilikuwa linachimba.

Justa alinyoosha mgongo. Mume wake, Shimba, alikuwa katikati ya jaruba la juu, ndani ya shimo lililomfika magotini. Pembeni yake alisimama Alexander, dalali wa mifugo na viwanja kutoka Magu mjini. Viatu vyake vilikuwa vimejaa vumbi, na uso wake ulijaa furaha.

"Baba Evelina!" Justa aliita. "Unafanya nini humo?"

"Nafungua benki," Shimba alijibu, akacheka.

"Benki ndani ya jaruba?"

"Mama, shikamoo," Alexander alidakia. "Usimlaumu mzee. Shamba lenu lina udongo adimu. Redioni wanautangaza kila siku. Udongo huu ndio unaotengeneza simu, magari ya umeme, kila kitu. Tazama mwenyewe."

Alitoa jiwe mfukoni. Lilikuwa na rangi kama asali iliyokolea, nalo liling'aa kwa mbali kama limepakwa mafuta. Kisha akainua bonge la udongo kutoka shimoni. Nalo lilikuwa na rangi ya manjano inayoelekea hudhurungi.

"Rangi ni moja. Umeona?" alisema Alexander. "Sasa subiri uone maajabu."

Alifungua chupa ndogo ya maji ya betri, akadondosha matone juu ya bonge lile. Udongo ukachemka povu jeupe, shhh, kama soda iliyofunguliwa.

"Kabonati hiyo!" alisema. "Udongo adimu ni madini ya kabonati, na kabonati ikikutana na tindikali hutoa povu. Chimbeni, mrundike kando ya barabara. Nitaleta lori."

Jirani yao Odongo alikuwa anapita na baiskeli iliyobeba tenga la sato. Alizaliwa Mara, akaoa hapo kijijini, na utani haukumwisha mdomoni. Alisimama, mguu mmoja chini.

"Nimesikia mnatafuta Odongo adimu," alisema. "Mbona mnajisumbua kuchimba? Mjaluo hapa kijijini niko peke yangu. Nipakieni mimi kwenye lori."

"Pita na samaki wako wewe!" Shimba alimjibu, lakini alitabasamu.

Justa hakutabasamu. Alikuwa anaangalia chini ya shimo. Alilijua lile tabaka gumu ambalo jembe la mumewe lilikuwa limeanza kulimenya. Bibi yake alimwonyesha akiwa bado msichana. Ndilo sakafu ya jaruba. Ndilo linaloshika maji.

"Ukilitoboa hilo, maji yatazama," alisema. "Hatutakuwa na mpunga hapa mwaka huu, wala mwaka kesho."

"Tutanunua mchele dukani kama watu wa mjini," Shimba alisema.

"Na lori lisipokuja?"

Shimba aliegemea mpini wa jembe. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka kuomba mvua.

Justa alichomeka jembe lake kwenye ukingo. "Jaruba moja umeshalianza," alisema taratibu. "Hayo mengine usiyaguse mpaka nirudi."

"Urudi kutoka wapi?"

"Mwanza. Kuna ofisi ya madini. Alexander, nipe hilo jiwe lako."

Alexander alisita. "Mama, huko watakuzungusha tu."

"Basi nitazunguka. Kama ni kweli, nitarudi nishike jembe nichimbe kuliko ninyi wote. Nipe jiwe."

Alimpa.

Siku iliyofuata Justa alifika Mwanza na mafundo mawili kwenye kitenge. Fundo moja lilikuwa na jiwe, jingine lilikuwa na udongo wa shambani. Ofisini alipelekwa kwa mtaalamu wa miamba aitwaye Sabina, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole.

"Shikamoo, mama. Karibu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuuliza jambo moja. Nichimbe shamba langu au nilime?"

Sabina hakucheka. Alivuta kiti karibu na kumsikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua fundo la kwanza. Alilipima jiwe kwa mkono, akalisogeza dirishani, akalitazama kwa kioo cha kukuzia.

"Jiwe hili ni la kweli," alisema. "Linaitwa bastnasaiti. Ndani yake yamo madini adimu."

Justa alilikaza fundo la pili. Aliyaona majaruba yake yote yakiwa mashimo.

"Basi mume wangu yuko sahihi."

"Subiri, mama. Nimesema jiwe ni la kweli. Sijasema limetoka shambani kwako. Shika hili mkono wa kulia."

Alimpa jiwe lile la rangi ya asali. Kwenye mkono wa kushoto akamwekea kipande cha jiwe jeupe cha ukubwa uleule.

"La kulia ni zito," Justa alisema kwa mshangao. "Kama ni mawili kwa moja."

"Ndiyo. Hiyo ni alama ya kwanza. Hilo jeupe ni kwatsi, jiwe la kawaida. Bastnasaiti ina uzito unaokaribia mara mbili ya kwatsi. Sasa tazama."

Sabina alichukua kisu, akakwaruza jiwe la asali kwenye pembe. Likakwaruzika. Akakwaruza lile jeupe. Kisu kikateleza bila kulidhuru.

"Kwa hiyo ni zito, lakini si gumu sana," Justa alisema.

"Umeelewa haraka. Na mng'ao wake ni kama wa nta au mafuta. Lakini rangi peke yake isikudanganye. Jiwe hili laweza kuwa la manjano au la hudhurungi, na vitu vingine vingi vina rangi hizo."

"Na udongo adimu je? Redioni wanasema udongo."

Sabina alitabasamu. "Neno hilo ndilo lililowaponza. Zamani wataalamu wa Ulaya waliita 'udongo' unga wa madini ambao hauyeyuki kwa maji wala hauharibiki kirahisi kwa moto. Jina likabaki mpaka leo. Hawakumaanisha udongo wa kulimia. Wanachokitafuta ni aina za metali, na mara nyingi zimefungwa ndani ya mawe kama hili. Hata neno 'adimu' linachanganya. Metali hizi zimetapakaa sehemu nyingi, kidogo kidogo. Kilicho adimu ni mahali zilipokusanyika kwa wingi wa kutosha kuchimba."

"Sasa mbona udongo wangu ulitoa povu?"

"Hilo nataka wote walione kwa macho yao. Keshokutwa tuna kazi upande wa Magu. Nitapita shambani kwako." Alilifunga jiwe kwenye mfuko wa plastiki kabla ya kumrudishia. "Halafu, mama, jiwe hili msilisage, msililambe, msiliweke jikoni wala chumba cha kulala. Mawe ya namna hii wakati mwingine huwa na thoriamu, madini yanayotoa mionzi. Kulishika mara moja si hatari kubwa. Vumbi lake ndilo baya zaidi likiingia mapafuni. Ukilishika, nawa mikono."

Justa aliporudi alimkuta Shimba amekaa ukingoni, jembe mapajani. Majaruba mengine hayakuwa yameguswa.

"Nimekungoja," Shimba alisema kwa kununa. "Lakini sijakubali."

"Kungoja kunatosha," Justa alijibu.

Sabina alikuja kama alivyoahidi. Habari zilikuwa zimeenea, na majirani walijaa kwenye kingo. Alexander naye alikuwepo, mbele kabisa.

Sabina alivaa glavu na miwani. Alitoa chupa yenye tindikali dhaifu.

"Kwanza, maji ya betri yaacheni kwenye betri," alisema. "Yanaunguza ngozi na kupofua macho. Hii yangu imepunguzwa makali, na bado navaa glavu."

Alidondosha tone juu ya udongo wa shimoni. Povu likapanda.

Alexander akapiga makofi. "Si nilisema! Si nilisema mimi!"

"Ulisema kweli kwamba ni kabonati," Sabina alimjibu. "Sasa tuone jiwe lako."

Akadondosha tone juu ya jiwe la asali. Watu wakainama. Tone likatulia pale, likang'aa juani. Povu halikutoka.

Alexander aliinama zaidi. "Ongeza," alisema.

Sabina aliongeza. Hakukuwa na povu la kuonekana. Kisha akaokota ganda la konokono kwenye majani makavu, akalidondoshea tone. Shhh! Povu jeupe likafurika.

"Ala!" Odongo alisema. "Kumbe konokono wote ni matajiri na wanatembea kwa tumbo!"

Watu waliangua kicheko. Sabina naye alicheka, kisha akaendelea.

"Kabonati ni ukoo mkubwa. Chokaa ni kabonati. Ganda la konokono na ganda la yai pia. Hata magadi mnayotia kwenye maharage ni ndugu zao. Chokaa hutoa povu upesi ikiguswa na tindikali. Bastnasaiti nayo ni ya ukoo huohuo, lakini ni ngumu kuichokoza. Inataka tindikali kali, tena ya moto, ndipo iyeyuke polepole. Kwa hiyo povu la haraka halionyeshi madini adimu. Linaonyesha chokaa."

Justa aliutazama udongo ule, akapiga paja. "Ibushi!" alisema. "Sisi Wasukuma tunaita ibushi. Udongo wenye vibonge vyeupe. Bibi yangu aliujua."

"Ndio huo, mama. Na manjano yake ni kutu ya chuma."

Shimba alikuwa amesikiliza yote kutoka nyuma. Sasa akasogea mbele. "Binti, kwa hiyo hayo madini huzaliwa wapi, kama si hapa?"

"Mara nyingi katika miamba ya moto wa chini ya ardhi iliyojaa kabonati, mabaki ya volkano za zamani sana. Hapa kwetu Tanzania yapo mkoani Songwe, kwa mfano. Majabali mnayoyaona hapa Magu ni matale, yaani mawe ya graniti. Asili yake ni tofauti. Hata hivyo, macho yangu si maabara. Nitachukua sampuli ya udongo huu ikapimwe, kisha niwape majibu."

"Kwa hiyo shamba langu halina kitu."

Sabina aliinama, akagusa chini ya shimo kwa kidole. "Sijasema hivyo, baba. Lina sakafu inayoshika maji. Umeikwangua, lakini hujaitoboa. Bado unaweza kuirudisha."

Watu walianza kutawanyika. Alexander alibaki amesimama, jiwe mkononi ndani ya mfuko wake wa plastiki. Furaha yote ilikuwa imemtoka.

"Mimi niliuziwa jiwe hili nikaambiwa yote hayo," alisema kwa sauti ndogo. "Niliamini. Na kuna watu kule Kigongo nimewaambia nao wachimbe."

Justa alimhurumia, lakini hakumwachia. "Wameshaanza?"

"Nadhani leo wanaanza."

"Una simu. Wapigie sasa hivi, halafu uende mwenyewe."

"Nitawaambia nini, mama? Nitaonekana tapeli."

"Waambie ulivyoona hapa. Aibu itakuisha. Shamba lao likiharibika halitawarudia upesi."

Alexander alipiga simu palepale, mbele yao. Kisha akatafuta pikipiki.

Siku hiyohiyo Shimba alianza kufukia. Alirudisha udongo mgumu chini na ule mweusi juu, kila tabaka mahali pake. Justa alimwaga maji ya kisima mpaka udongo ukalainika. Kisha wakaingiza ng'ombe wao, wakawazungusha wakanyage na kukanyaga.

"Zungusha tena," Justa alisema.

"Wamechoka hawa."

"Hata mimi nimechoka. Zungusha."

Shimba alizungusha, akicheka chini kwa chini.

Majibu ya maabara yalikuja kwa simu. Ulikuwa udongo wa chokaa na chuma, wa kawaida kabisa. Mkutano wa kijiji ukakubaliana kwamba mtu yeyote akiambiwa ana madini, apeleke kwanza sampuli ofisi ya madini, na asichimbe shamba kabla ya majibu. Mvua zilipofika, jaruba la juu lilivuja kidogo siku za mwanzo. Justa alilikanyaga tena kwa miguu yake mpaka likatulia. Maji yakasimama humo, yakabeba picha ya mawingu.

Mwezi wa sita, wakiwa wanapepeta mpunga, alikuja mwanamke kutoka kijiji cha pili aitwaye Suzana. Alikuwa amefunga kitu kwenye kanga.

"Mama Evelina, nimeokota jiwe zito, linang'aa," alisema huku akihema. "Nyumbani wanataka kubomoa jiko wachimbe chini yake. Nimesikia wewe unajua."

"Najua kidogo. Wameshaanza?"

"Bado. Wamesema wananingoja."

"Vizuri. Kesho asubuhi tutakwenda wote Mwanza. Sasa liweke jiwe hapo nje, unawe mikono."

Suzana alinawa. Justa akamsogezea kigoda, akaingia jikoni, akatoka na sahani ya wali wa mpunga mpya. Ulikuwa bado unatoa moshi.

"Kula kwanza," alisema. "Huu umetoka jaruba la juu."