Kigoda Chini ya Mteremko

Mama Pacha na mumewe walikuwa na ghala la orofa mbili. Juu waliweka magunia ya maharage na ya sukari, na katoni za sabuni. Chini palikuwa na mlango mpana wa kupakilia magari. Katikati palikuwa na ngazi, na ngazi hiyo ndiyo iliyoumaliza mgongo wa Baba Pacha.

"Ukiendelea kubeba magunia, iko siku hutainuka," daktari alimwambia.

Baba Pacha aliitikia kwa adabu. Akarudi ghalani, akabeba gunia.

Mama Pacha alisali, kisha akamwita mdogo wa mumewe. "Shemeji, tutafutie mtambo wa kushushia mizigo. Sitaki kumuuguza kaka yako kitandani."

"Hilo tu, shemeji? Hesabu kuwa limekwisha!"

Asubuhi moja akaja na mtambo wa rola uliokwisha kutumika. Ulifanana na ngazi ndefu iliyolazwa, ila vidato vyake vilikuwa vyuma vya mviringo vinavyozunguka. Hauna mota, hauli umeme. Mzigo unateremka kwa uzito wake wenyewe. Waliuegesha kutoka orofa ya juu hadi karibu na mlango. Shemeji akapakia katoni ya sabuni. Ikashuka taratibu mpaka chini.

"Mnaiona? Kama bibi harusi anaingia ukumbini!"

Wote wakacheka. Mama Pacha akaleta kigoda, akakiweka mbele ya mwisho wa rola.

"Mume wangu, kaa hapa utazame. Mikono mapajani."

"Nimekuwa mtoto wa chekechea?"

"Wa chekechea husikia wakiambiwa."

Likafuata gunia la maharage. Halikwenda. Tumbo lake lilizama kati ya rola na rola, likatulia hapo. Shemeji alisukuma mpaka jasho likamtoka.

"Mteremko hautoshi," alisema. Wakalitoa gunia. Akainua upande wa juu kwa matofali, kisha akapakia gunia la sukari, lililoshindiliwa likawa gumu kama ubao.

Hilo halikusukumwa. Lilikimbia. Rola zilinguruma kama mvua ya mawe juu ya bati. Mama Pacha alipiga kelele, zikamezwa na mngurumo huo. Gunia liliruka kutoka mwisho wa rola, likakipiga kigoda kikawa vipande vipande.

Kisha kimya. Sukari tu ilikuwa ikimwagika.

"Baba Pacha!"

"Nipo." Sauti ilitoka nyuma ya mlango. Alikuwa ameinama, katoni ya sabuni mikononi. "Usinigombeze, mke wangu. Ni hii moja tu, nyepesi."

Mama Pacha alimtazama. Akavitazama vile vipande. Akaitazama mikono yake iliyokiweka kigoda pale. Akakaa chini palepale kwenye sukari.

"Mimi ndiye niliyekukalisha," alinong'ona. "Ungenisikia, ningekuwa mjane saa hizi."

Shemeji akaanza kuokota vipande vya kigoda.

Jirani yao aliusikia ule mshindo, akaja mbio. Alikuwa mwanamke afungaye mitambo ya mizigo, na watu walimwita Bi Spana.

"Nani kaumia?"

"Kigoda," alijibu Baba Pacha.

Bi Spana hakucheka. "Mtambo mliujaribu kwa mzigo gani?"

"Katoni ya sabuni," alisema Shemeji.

"Na mnachoshusha zaidi ni nini?"

"Magunia."

"Basi mlichagua mtambo wa sabuni."

Alichuchumaa, akaigusa rola. "Anzeni na mzigo, ndipo mtafute mtambo. Chini yake ni kugumu au ni laini? Una uzito gani? Unakwenda tambarare au unateremka? Rola zinafaa katoni yenye kitako kigumu, na wakati wote iwe imelalia rola tatu au zaidi. Gunia linataka mtambo wa mkanda, ule mpira mpana unaozunguka, lilale lote juu yake. Na kwenye mteremko, mkanda uwe wa mota na breki, ili mzigo ufuate mwendo wa mtambo."

"Umeme ukikatika je?" aliuliza Mama Pacha.

"Breki inabana, gunia linabaki lilipo. Mwisho wa mkanda wekeni meza yenye kizuizi. Mtu asikae mbele yake, hata kidogo. Ubavuni ipite kamba ya kusimamishia mtambo. Na asisogee mtu mwenye nguo inayoning'inia."

"Na rola zangu?" aliuliza Shemeji kinyonge.

"Zilazeni tambarare mlangoni. Zitasukumiwa katoni mpaka kwenye gari."

Safari hii Mama Pacha alikwenda mwenyewe kwa muuza mitambo. Alikwenda na gunia la maharage, gunia la sukari na katoni ya sabuni.

"Mama, picha zipo," muuzaji alisema.

"Picha haijakaa mbele ya gunia, baba. Pakia." Gunia la sukari lilipofika katikati ya mkanda, akasema, "Sasa zima umeme."

Gunia likasimama palepale. Mama Pacha akashusha pumzi.

Mkanda ukafungwa ghalani. Kigoda kipya kiliwekwa ubavuni, kando ya kamba, na Baba Pacha akapewa kazi ya kuivuta penye hatari.

Miezi ikapita. Asubuhi moja Mama Pacha alikwenda kumfungia mumewe viatu, kama alivyozoea tangu mgongo ulipoanza kumsumbua. Akamkuta ameinama, anavifunga mwenyewe.

"Ahsante Mungu," alisema.

Hata hivyo, walipofika ghalani, alikitazama kigoda kwanza. Gunia la kwanza likaanza kushuka.

"Vuta!"

Baba Pacha akavuta. Mkanda ukasimama.

"Mke wangu, kila siku tutajaribu hivi?"

"Kila siku," alisema Mama Pacha. "Haya, liachie lishuke."