Majani ya Kabichi na Maziwa ya Mjukuu

Mimi kutupa kitu siwezi. Mume wangu huniita Bibi Usitupe, wala hajakosea. Jumatatu alipiga dawa ya wadudu kwenye kabichi. Jumanne jioni nikakata majani ya nje yaliyotobolewa na wadudu, nikampa ng'ombe wetu. Nikamwambia, "Haya, leo unakula kifalme!"

Kesho yake nilimkamua, nikachemsha maziwa, nikayaacha mezani. Mara mume wangu akaita kutoka bandani, "Njoo! Ng'ombe anatokwa na mapovu, anatetemeka!"

Bahati njema, daktari wa mifugo ni jirani yetu. Alikuja mbio, mswaki ungali mdomoni.

"Amekula nini huyu?"

"Majani ya kabichi tu, mwanangu."

"Yamepigwa dawa?"

Mume wangu akajibu, "Juzi."

"Na maziwa ya leo yako wapi?"

Mungu wangu! Nilikimbia ndani. Binti yangu alikwisha kummiminia mwanawe, wa miaka mitatu. Mtoto ameshika kikombe, anapuliza. Nikampokonya, akaangua kilio.

"Amekunywa?"

"Bado, mama, yanaunguza," binti yangu akasema.

Nikakaa chini palepale sakafuni.

Daktari alimchoma ng'ombe sindano, kisha akaja jikoni. "Mama, sumu iliyo kwenye majani huingia kwa ng'ombe, naye huweza kuitoa kwenye maziwa. Kuchemsha hakuiondoi."

"Hata nikichemsha sana?"

"Hata sufuria ikitoboka."

"Basi nimpe paka?"

"Paka amekukosea nini? Yafukie, mbali na kisima."

Akaitisha chupa ya dawa ya wadudu, akatusomea karatasi yake: siku kumi na nne tangu kupiga dawa. "Kabla ya hapo haliwi jani, si na mtu, si na mnyama."

"Kumbe!" mume wangu akasema. "Mimi husoma kipimo tu."

"Na mimi sikukuuliza," nikamwambia. Kosa lilikuwa letu sote.

Ng'ombe alipona, lakini maziwa yake tuliyafukia kila siku mpaka daktari aliporuhusu. Siku hizi, mume wangu akipiga dawa, hufunga kitambaa chekundu kwenye kabichi. Kikiwapo, kisu changu hakigusi kitu.

Asubuhi tuliporuhusiwa, mjukuu wangu alikunywa maziwa yote, akadai mengine. Nililia mbele ya watu, wala sikuona haya.