Kamba ya Kuwashia

Haya yalimfika rafiki yangu Wathome, fundi wa injini pale Mowlem. Muthoki alimletea injini ya boti ya mumewe, aliyezama katika bwawa la Masinga na mwili usipatikane.

"Fundi, iwashe tu niisikie, halafu iuzwe."

Wathome akaitengeneza, akaisimamisha kwenye pipa la maji ili aijaribu, akachukua kamba ya kuwashia. Mvua ikamwagika, wakafunga mlango wa mabati, wakabaki ndani wawili tu, yeye na Muthoki, na stima ikapotea.

Gizani ikasikika kamba ikivutwa mara mbili. Mwanamume akakohoa, akavuta tena, injini ikanguruma. Muthoki akakitambua kile kikohozi: cha mumewe.

"Baba Koki," akaita akilia, "zima basi, twende nyumbani."

Ikazimika.

Stima iliporudi, Wathome alikuwa bado ameishika kamba mkononi. Hakuwa ameifunga kwenye injini.