Sajini Musili Atafuta Rafiki

Sajini Musili alistaafu jeshini akiwa na miaka arobaini na sita. Alirudi nyumbani kwake Yatta, karibu na soko la Katangi. Mkewe Kamanthe alikuwa amelitunza boma hilo miaka yote. Binti yao, Mwendwa, alikuwa chuoni.

Kila siku Musili aliamka saa kumi na moja alfajiri. Hakuna aliyemwamsha. Alitandika kitanda, akavuta shuka hadi ikanyooka kabisa. Alikimbia hadi sokoni na kurudi. Ikifika saa moja alikuwa ameoga, amekunywa chai, na viatu vyake vinang'aa. Halafu? Halafu hapakuwa na kitu. Aliweka kiti langoni, akakaa akitazama barabara.

Watu walipita.

"Habari, Afande?"

"Salama."

Wakaendelea na safari yao. Hakuna aliyesimama.

Msomaji, usimcheke. Miaka ishirini na minne Musili aliishi mahali ambapo mtu hupewa rafiki pamoja na blanketi. Yule wa kitanda cha pili ndiye rafiki. Mnakula pamoja, mnakimbia pamoja, mnaogopa pamoja. Huombi na huchagui. Sasa wenzake walikuwa wametawanyika, mmoja Busia, mwingine Kilifi, mwingine Marsabit. Na Musili hakujua rafiki mpya hutafutwa vipi.

"Watu wa hapa wako na maringo," alimwambia Kamanthe. "Miezi saba niko hapa. Hakuna hata mmoja ameingia kunywa chai."

Kamanthe alikuwa akichambua ndengu.

"Na wewe umeingia kwa nani, Baba Mwendwa?"

"Sijaitwa."

Kamanthe alikuwa na neno la kusema. Alilimeza, akaendelea na ndengu zake. Mimi ningelisema siku hiyohiyo, lakini mimi si Kamanthe.

Mwezi wa kumi ulifika. Mvua ilikuwa karibu. Shamba la Musili liko kwenye mteremko, na matuta ya kuzuia maji yalikuwa yamebomoka. Mvua ikiyakuta hivyo, itabeba udongo wote hadi mtoni.

Kamanthe alikuwa katika mwethya. Hicho ni kikundi cha majirani wanaosaidiana kazi. Leo wanalima kwa huyu, wiki ijayo wanalima kwa yule. Sasa zamu ya Kamanthe ilikuwa imefika. Jumanne asubuhi watu kumi na wawili waliingia bomani kwake na majembe na sururu.

Musili alifurahi kupita kiasi. Watu nyumbani kwake! Tangu jana yake alikuwa amepigilia vijiti shambani na kuvitia nambari. Akapuliza filimbi.

"Mistari miwili! Mstari wa kwanza, kijiti nambari moja hadi sita! Hakuna kuongea mpaka saa nne!"

Watu wakatazamana. Mwenyekiti wa kikundi, Mama Kaluki, alikuwa bado anafunga leso kiunoni. Ni mwanamke mwenye wajukuu tisa. Alicheka kidogo, akidhani ni mzaha.

"Wewe mama, umechelewa! Ingia kwa mstari!"

Kicheko cha Mama Kaluki kilikatika. Jamani! Katika mwethya watu huanza kwa salamu. Wanaulizana habari za watoto, wanataniana, mmoja anaanzisha wimbo, na jembe linafuata. Hakuna aliyewahi kumsikia mtu akimwamrisha Mama Kaluki. Hata marehemu mume wake hakuthubutu.

Ngui aliweka jembe chini. Ngui ni jirani wa karibu kabisa wa Musili. Ua wa minyaa ndio unaowatenganisha.

"Afande," alisema, "mimi si kuruti. Nimekuja hapa kwa sababu ya Kamanthe peke yake."

"Kazi ni kazi," Musili alijibu. "Lazima iwe na mpango."

"Kazi?" Ngui alimsogelea. "Hebu tuongee juu ya kazi. Mwezi wa nane nilizika mama yangu. Kaburi ilichimbwa na majirani. Kila boma ilitoa mtu wake. Wewe ulituma kibarua."

Musili hakuelewa. Kwa kweli hakuelewa hata kidogo.

"Si alichimba? Nilimwambia asitoke mpaka shimo iishe. Kwani hakumaliza?"

"Ngai!" mtu mmoja alisema kwa nguvu.

"Alimaliza," Ngui alisema. "Mtu wa kuokotwa sokoni. Alichimba kaburi ya mama yangu, akapangusa jasho, akaniuliza, 'Kwani ni nani amekufa?' Mimi! Akaniuliza mimi!"

Ngui aliokota jembe lake, akaliweka begani, akatoka. Mama Kaluki akamfuata. Kisha mwingine, na mwingine. Walipita mbele ya Musili mmojammoja bila kumtazama. Dakika tano baadaye shamba lilikuwa tupu, na vijiti vyake vyenye nambari vimesimama.

Musili alibaki ameshika filimbi. Masikio yalivuma. Akakaa chini kwenye udongo.

Mtu mmoja hakuwa ameondoka. Alikuwa Peris, mhudumu wa afya wa kijiji. Peris hutembelea nyumba hadi nyumba akiwa na mkoba wa kupimia presha na sukari. Siku hiyo alikuja kulima, lakini mkoba hauachi. Alimsaidia Musili kufika kivulini, akamwacha apumzike kidogo, kisha akamfunga mkanda mkononi. Mashine ikasoma. Peris alitazama, akapima mara ya pili.

"Mia moja sabini na nane kwa mia moja na nane," alisema. "Baba Mwendwa, hii ni presha ya juu sana. Kifua inauma? Unaniona vizuri? Inua mikono yote miwili."

"Siumwi. Mimi ni mzima. Nakimbia kila asubuhi!"

"Presha inaweza kupanda na haiumi. Leo hii tunaenda kituo cha afya. Si kesho. Unalala masaa mangapi?"

Kamanthe, aliyekuwa amewafuata kivulini, ndiye aliyejibu.

"Mawili. Matatu akibahatika. Anaamka anakaa kwa kitanda anaangalia mlango."

"Na unaongea na nani, Baba Mwendwa?"

"Na Kamanthe."

"Mwingine?"

Musili alifikiri. Alifikiri tena. Alishtuka mwenyewe kuona kwamba jina halikuja.

"Upweke ni kitu ya kuchunguza kama hii presha," Peris alisema. "Mtu akikaa peke yake muda mrefu, mwili unaumia. Usingizi unapotea, mawazo yanazidi. Nimewaona wengi wakistaafu, walimu, askari, hata dereva. Kazi ikiisha, marafiki wa kazi wanabaki huko."

"Lakini nilituma mtu! Nafasi yetu haikukaa wazi. Kosa langu ni nini?"

"Hatukukosa mikono ya kuchimba. Ngui alitaka kukuona wewe. Hata ungekaa tu kwa jiwe unyamaze. Sisi tunajua nani ni jirani kwa kumwona pale."

Kisha Kamanthe alisema lile neno alilolimeza siku nyingi.

"Niliwaambia watu wewe ni mgonjwa. Nilidanganya kanisani, Baba Mwendwa. Niliona haya."

Musili alimtazama mkewe kana kwamba amepigwa kofi. Miaka ishirini wamekaa katika ndoa, na hakujua kwamba Kamanthe anaweza kuona haya kwa sababu yake.

"Kwa nini hukuenda?" Peris aliuliza kwa upole.

"Siwezi kusema."

"Si lazima uniambie mimi. Lakini ambia mtu. Huko Machakos, hospitali ya kaunti, kuna mshauri. Nitakuandikia barua. Anaongea na watu ambao wameona mambo mazito, na haandiki magazeti." Hapo Peris alitabasamu kidogo. "Na kwa majirani, usitafute marafiki kumi na wawili mara moja. Anza na mmoja. Enda kwake. Uliza, halafu sikiliza jibu. Usitoe amri. Rudi tena, na tena. Itachukua muda."

Siku hiyo Musili alipewa dawa. Aliambiwa apunguze chumvi na arudi kupimwa. Hilo lilikuwa rahisi. Kwenda kwa Ngui kulimchukua siku tatu, na ni hatua hamsini tu.

Alimkuta Ngui akitengeneza zizi la mbuzi. Musili alikuwa amepanga maneno yake vizuri, kama ripoti ya kumsomea mkubwa wake. Yote yalimpotea.

"Nimekuja kuomba msamaha," alisema.

Ngui aliendelea kupiga msumari. "Sema."

"Nilikuwa na rafiki, anaitwa Justus. Tulilala chumba kimoja miaka kumi na moja. Alikufa tukiwa kazini ng'ambo ya mpaka. Tulimleta kwao tukamzika. Mimi nilishika kamba moja ya sanduku. Mkono wangu uliteleza, sanduku ikalala upande. Mama yake alipiga nduru. Mpaka leo nasikia hiyo nduru. Nikiona udongo mwekundu umechimbwa, naanza kutetemeka. Siku ya mama yako nilivaa viatu nikafika hapa kwa ua. Nikashindwa. Nikaenda sokoni nikatafuta mtu."

Nyundo ilikuwa imesimama hewani. Ngui aliishusha polepole.

"Ulifika hapa kwa ua?"

"Hapo penye minyaa."

"Na ukarudi bila kuniambia?" Ngui alikuwa ameshangaa kabisa. "Wewe mtu! Tungekupea kazi ya kuteka maji! Kuna kazi mingi kwa matanga, si shimo peke yake. Huko jeshini mtu akiogopa anafanya nini?"

"Ananyamaza."

Hasira ya Ngui haikuwa imeisha, ilionekana machoni. Lakini alisogea upande mmoja wa zizi.

"Shika hii mbao," alisema.

Musili akashika. Hawakuongea tena hadi jioni, ila mara moja tu, Musili alipouliza, "Mama yako alikuwa mtu wa namna gani?" Ngui alianza kueleza kidogo, kisha akaeleza sana. Musili alisikiliza, na kwa mara ya kwanza hakutazama saa.

Usidhani mambo yalinyooka wiki hiyo. Mvua ilinyesha kabla mwethya haujarudi, ikabeba matuta mawili ya Musili na mbegu zilizokuwa juu yake. Alilia kwa uchungu wa shamba. Mama Kaluki naye alipokea msamaha wake kwa kichwa tu, bila neno. Akampa kazi ya kubeba maji pamoja na akina mama kwenye mashamba ya wengine, wiki tatu mfululizo. Musili alibeba. Siku moja alisahau, akaanza, "Simameni..." Watu wote walimgeukia. Akamalizia, "Simameni mnywe maji." Walicheka mpaka Mama Kaluki akakaa chini. Siku hiyo ndiyo aliyomwita Baba Mwendwa kwa mara ya kwanza.

Kila baada ya wiki mbili, siku ya Alhamisi, alikwenda Machakos kwa mshauri. Huko alifundishwa kupumua taratibu mwili unapoanza kutetemeka. Alifundishwa pia kumsema Justus kwa jina. Alianza kumpigia simu yule mwenzake wa Busia, akagundua kwamba naye halali. Mwisho wa mwezi wa kumi na moja mwethya ulirudi na kutengeneza matuta yake. Mwongozaji alikuwa Mama Kaluki, na Musili alichimba alipoambiwa. Peris alipompima, presha ilikuwa mia moja thelathini na nne kwa themanini na nne.

"Usiache dawa," Peris alimwonya. "Hii imeshuka kwa sababu unameza."

Mwezi wa kumi na mbili Ngui alitaka kulijengea kaburi la mama yake kwa saruji.

"Jumamosi saa tatu," alimwambia Musili. "Ukiweza, kuja. Ukishindwa, keti jikoni na Mama Kaluki mchambue mchele. Hakuna mtu atakuuliza."

Jumamosi Musili alitoka mapema, lakini alipofika kwenye ua wa minyaa miguu ilikataa. Jasho lilimtoka. Alipumua taratibu kama alivyofundishwa. Akahesabu, akaanza tena. Mtu ambaye hakuwahi kuchelewa popote alisimama hapo hadi karibu saa nne. Alidhani kazi imeanza zamani. Alitaka kurudi nyumbani. Hatimaye alivuka.

Alipofika alishtuka. Watu wote walikuwa wameketi kwenye nyasi. Mchanga ulikuwa umechekechwa, maji yako kwenye ndoo, na mfuko wa saruji haujafunguliwa. Fundi alikuwa ameukalia, akipiga miayo.

"Kuna nini?" Musili aliuliza. "Mbona hamjaanza? Nani amekosekana?"

"Ni wewe," Ngui alisema. "Tulikuwa tunakungoja."

Musili akaketi palepale kwenye nyasi, katikati ya majirani zake, akalia mbele ya kaburi. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Mama Kaluki alisogea karibu, wakakaa bega kwa bega.

Alipomaliza kulia, Ngui alimpa sepetu.