Mafuta ya Nywele za Daphrose

Kila asubuhi, kabla jua halijafika kwenye milima ya Mushaki, Mukankusi na mume wake Makuza walikamua ng'ombe. Maziwa mengine waliuza barabarani. Mengine Mukankusi aliyatia katika kibuyu, akakitikisa mpaka siagi ikajitenga. Siagi hiyo watu wa huko huiita mafuta ya ng'ombe. Aliiweka karibu na moshi wa jikoni, ikakaa miezi. Kadiri ilivyonuka, ndivyo alivyojivunia.

Alimpaka nayo binti yake Daphrose kichwani tangu utotoni, kama alivyopakwa yeye na mama yake. Nani angethubutu kumfundisha mtu wa ng'ombe habari za mafuta?

Lakini mwaka huo wa 1966, Daphrose alipokwisha kuposwa na Faustin, kichwa chake kilianza kuwasha. Mama akaongeza siagi. Kikawasha zaidi. Akaongeza tena. Siku moja chanuo lilitoka na fungu zima la nywele. Juu ya paji la uso palibaki peupe, upana wa vidole viwili.

Harusi ilikuwa baada ya wiki nne. Siku tatu kabla ya harusi angekuja Nyirabagenzi, shangazi yake Faustin. Katika ukoo wao, shangazi huja na kibuyu chake mwenyewe cha siagi. Bibi harusi hufunua kichwa mbele ya wanawake wote, naye humpaka. Na Nyirabagenzi hakuwa mtu wa mchezo. Aliwahi kuvunja uchumba wa mpwa mwingine kwa sababu msichana alikohoa mara mbili.

"Mama, watasema niko mugonjwa," Daphrose alilia. "Watanirudisha kwetu."

"Nyamaza! Hakuna muntu atajua."

Mukankusi alinunua sokoni chupa ya mawese mekundu kutoka Walikale, akampaka tele. Kuwasha hakukupungua. Daphrose alipojaribu kitambaa chake cheupe cha harusi, kilishika doa jekundu. Maji yalikuwa yamemfika Mukankusi shingoni.

Mtu mmoja tu angeweza kumsaidia. Ni Mama Adelaïde, mkulima wa kabila la Wahunde, wa ng'ambo ya kijito. Alikuwa amefanya kazi miaka sita katika hospitali ya Kirotshe, akiosha wagonjwa na kusaidia wauguzi. Lakini wawili hao hawakuwa wamesemezana tangu ng'ombe wa Makuza walipoingia shambani kwa Adelaïde na kula maharage yake. Siku ile Adelaïde alipokuja kulalamika, Mukankusi alimjibu maneno ambayo hayafai kuandikwa hapa.

Kiburi kilimwambia abaki. Machozi ya mtoto yalimwambia aende. Akaenda, akamkuta anapepeta maharage.

"Karibu, Mama Daphrose," Adelaïde alisema bila kuinua macho. "Leo ng'ombe iko wapi?"

"Ng'ombe iliharibu shamba, na miye niliharibu kwa kinywa. Unisamehe, Mama. Mutoto wangu iko napoteza nywele."

Adelaïde aliweka ungo chini. "Umulete."

Alikiangalia kichwa cha Daphrose kwenye mwanga wa mlango, akitenga nywele kwa vidole.

"Hakuna usaha. Hakuna mabaka ya duara," alisema mwishowe. "Kama ingekuwako, ningewatuma Kirotshe leo hii. Mafuta haiponeshe ugonjwa. Lakini angalia: nywele inakatika hapa katikati, haitoke na muzizi. Unaosha hii kichwa mara ngapi?"

"Kuosha? Si mafuta itatoka!"

"Shida njo hiyo. Uko napaka mafuta ya leo juu ya mafuta ya jana. Ile ya ng'ombe inaoza, inashika vumbi na moshi. Ngozi inawasha, mutoto anajikuna, nywele inakatika. Ikingali mupya, mupikie watoto. Kwa kichwa, tafuta mafuta ya mimea."

"Nilipaka mawese! Haiko ya mimea?"

Adelaïde alicheka kidogo. "Ile mekundu iko ya kupika sombe, ile majani ya muhogo, Mama. Mafuta ya mimea iko mingi, na kila nywele na yake."

Aliosha kichwa cha Daphrose mara mbili kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, akasuuza sana. Kisha akalowesha nywele za Victorine, mdogo wake Daphrose aliyefuatana nao.

"Sasa angalia. Ya Daphrose iko nene, imejikunja, inakunywa maji na kukauka upesi. Inataka mafuta mazito, ile ya mbarika, wengine wanaita nyonyo. Ya Victorine iko nyembamba, laini. Ukiipaka mbarika, italala kama majani ya mvua. Yeye, matone mbili ya mafuta ya karanga inatosha."

"Na Daphrose, nimupake ngapi?"

"Kijiko kidogo cha mbarika, kimoja cha karanga, sababu mbarika peke yake inanata. Paka nywele ikingali na maji kidogo, zaidi kwa ncha. Kwa ngozi, kidogo sana. Osha kila wiki. Usichane kavu, usisuke kwa kukaza."

Adelaïde alitoa chupa ya mbarika, Daphrose akanyoosha mkono kuichukua. Adelaïde akaizuia.

"Ngoja! Kwanza tone moja kwa mukono, mpaka kesho. Ikiwasha, uache."

Kesho yake mkono ulikuwa mzima. Adelaïde akawafundisha kukaanga mbegu za mbarika, kuzitwanga, kuzichemsha na kuengua mafuta yanayoelea. "Mbegu iko na sumu," alionya. "Watoto wasitafune."

Wiki ya pili kuwasha kulikoma. Wiki ya tatu chanuo lilitoka tupu. Lakini pengo halikujaa. Nywele mpya zilikuwa fupi kama punje za mtama, na siku ya shangazi ikafika.

Nyirabagenzi aliingia na wanawake watano, kibuyu kifuani. Kitambaa chake kilikuwa kimekazwa kichwani kama kawaida. Hakuwahi kukifungua mbele ya mtu, hata mbele ya dada zake.

Daphrose alifunua kichwa.

"Hii njo nini?" Nyirabagenzi aliuliza, kidole kwenye pengo.

Mukankusi alikuwa ameandaa uongo: moto wa jikoni. Akamtazama mtoto wake, akaamua kusema kweli.

"Njo kosa yangu. Nilipaka mafuta ya ng'ombe bila kuosha. Iliwasha, nywele ikakatika. Mama Adelaïde alimuosha, sasa inaota." Akatoa chupa ya mbarika. "Mama, ninaheshimu kibuyu yako. Umupake hiyo kwa mikono na miguu. Lakini kwa kichwa, umupake hii."

Wanawake waliguna. Kukataa kibuyu cha shangazi ni kukataa ndoa. Nyirabagenzi alisimama. Mukankusi akajua kwamba yamekwisha.

"Ilikuwa inawasha?" Nyirabagenzi aliuliza polepole.

"Sana, Mama."

"Hata kanisani?"

"Hata kanisani," Daphrose alijibu.

Nyirabagenzi alifungua kitambaa chake. Harufu ya siagi ya zamani ilijaa nyumbani. Kichwa chake kilikuwa na mapengo matatu.

"Miaka kumi na moja," alisema. Akaketi mkekani kando ya Daphrose. "Paka mutoto kwanza. Kisha muniite yule muntu wa kuosha."

Mama Adelaïde alikuja, akamkagua. "Hii mbili ni uchafu na kukaza kitambaa. Hii ya tatu iko na mabaka. Harusi ikiisha, nakupeleka Kirotshe."

Jumamosi, Daphrose na Faustin walifunga ndoa. Adelaïde alikaa benchi la mbele, kati ya watu wa ng'ombe. Kando yake alikaa Nyirabagenzi, kitambaa kimelegea. Misa ilikuwa ndefu, naye alijikuna mara mbili tu.