Miti ya Baba Pacha

Jamani, mtaa wetu ulikuwa umetulia. Baba Pacha, fundi viatu, alikuwa kibarazani akishona soli na kupiga mluzi. Mkewe alikuwa anafua, nami jirani yao namkamua mbuzi wangu. Ndipo wakaja wageni wawili: afisa mazingira wa serikali na dada wa shirika la hisani.

"Tushirikiane," alisema afisa. "Sisi tunatoa miche, shirika linatoa tangi la maji, nyinyi mnatoa mikono. Baada ya miezi mitatu miche ikiwa hai, tangi linafungwa hapahapa."

Mama Pacha aliacha kufua. Kila siku alipanda kilima na ndoo kichwani kufuata maji, na mgongo ulikuwa umemchakaa. Tangi lile alilitaka kuliko kitu chochote duniani.

Tukaunda kikundi, Baba Pacha akawa mwenyekiti. Siku ya kupanda alivaa kofia mpya, akapigwa picha na kila mche kando ya barabara. Kesho yake hakwenda kumwagilia. Wala kesho kutwa.

"Baba Pacha, miche inakauka!" alilia mkewe.

"Serikali ipo, shirika lipo, mama. Mimi ni mwenyekiti, nibebe ndoo?"

Na sisi wengine, nisiwafiche, tulijikausha tu. Kila mtu alimtegea mwenzake.

Alfajiri ya siku ya ukaguzi nilimwona mwenyekiti akichomeka matawi mabichi kwenye mashimo, mbio mbio, jasho linamtiririka. Wageni walipofika wakakuta kijani kitupu. Baba Pacha kifua mbele. Lo! Mbuzi wangu akakata kamba, akang'ata mti wa kwanza, ukang'oka mzima. Wa pili. Wa tatu.

Dada wa shirika aliinama, akauokota mmoja. "Mwenyekiti, miti ya huku haina mizizi?"

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Mama Pacha hakucheka. Alijifuta machozi kwa kanga, akachukua ndoo yake, akaanza kupanda kilima.

Baba Pacha alimtazama, kofia ikamtoka kichwani. "Nimewadanganya," aliwaambia wageni. "Niadhibuni mimi. Mke wangu msimnyime maji."

Afisa alishauriana na mwenzake. Wakatupatia miche mingine na miezi mitatu mingine, safari hii kwa zamu, kila nyumba na miti yake. Baba Pacha alishuka kilima na ndoo kila asubuhi, akilalamika shingo, nasi tukimtania. Hakukosa hata siku moja.

Tangi likaja! Mpiga picha akaita, "Mwenyekiti, sogea hapa!"

"Subiri kwanza," alijibu, "mti wangu haujanywa."

Mama Pacha alifungua bomba, akanawa uso, akacheka kwa sauti.

FUNZO

Ndugu zangu, serikali italeta miche na shirika litaleta tangi, lakini hawatakuja kutumwagilia. Tukitegeana, mkosaji si mwenyekiti peke yake, ni sisi sote. Kila mtu na abebe ndoo yake. Na mbuzi wangu, msiwe na wasiwasi, sasa nimemfunga kamba mbili.