Ghala la Mlango Mmoja

Kila asubuhi Wamalwa, mtunza ghala, alikuta katoni za sabuni zimesogea na kuacha ujia mwembamba kutoka mlangoni hadi ukuta wa nyuma. Mwanzo alidhani ni vibarua wanamchezea. Lakini kufuli lilikuwa mahali pake, na ule ujia ulinukia udi.

Mwenye mali, Zubair, alimwita Shiundu, aliyechora ramani ya ghala hilo la Kariobangi mwaka wa tisini na nne. Shiundu alifika saa saba mchana, akasimama mlangoni, akaufuata ule ujia kwa macho. Uliishia pale pale alipokuwa amechora mlango wa nyuma.

"Mlango wa nyuma ni wa wezi," Zubair alikuwa amemwambia. Naye akaufuta. Hakuacha hata dirisha.

Bi Muhiba, muuza mahamri wa ng'ambo ya barabara, aliwaonya siku zile walipokuwa wakichimba msingi. "Hapa wanapita wenyewe, wale wasioonekana. Sisi hata maji ya moto hatumwagi bila kuwaomba radhi. Sasa wakishaingia humu, watatokea wapi?"

"Watapanga foleni kama sisi, Bi Muhiba," Shiundu alimjibu, na vibarua wakacheka.

Leo hakuna aliyecheka.

"Tuingie tukapime huo ukuta," Shiundu alisema.

"Tangulia, injinia," Wamalwa alinong'ona. "Mimi nina watoto."

"Na mimi nina mbuzi?"

Wakaingia wawili, Zubair akabaki nje. Shiundu alipofika katikati, mlango wa chuma uliporomoka nyuma yake kwa kishindo, giza likashuka. Alipapasa, akapata mkono wa mwenzake, akaukamata.

"Usiniache."

"Siendi popote," alijibiwa, kwa sauti ya chini sana.

Katoni zikaanza kusogea, taratibu, zikikwaruza sakafu na kuuziba ujia walikotokea, na harufu ya udi ikazidi kuwa nzito mpaka ikawa kama kitambaa kilichobanwa puani, na Shiundu alipotaka kurudi nyuma katoni zikamgusa mgongoni, akasonga mbele, akasonga tena, hadi kifua chake kikagota ukutani, ukuta alioupima mwenyewe, nao ulikuwa na joto kama shavu la mgonjwa, na kati ya pumzi zake akasikia pumzi nyingine, nyingi, zimebanana gizani, zikingoja.

"Vunjeni!" alipiga kelele. "Vunjeni ukuta wa nyuma!"

Nje nyundo ikaanza kugonga. Jiwe likaanguka, jua likaingia, na upepo wa moto ukampita masikioni ukitoka. Shiundu akajipenyeza kwenye tundu huku akimvuta mwenzake, mpaka akaona kanga ya Bi Muhiba, na Zubair aliyepauka midomo.

Aliyeshika nyundo alikuwa Wamalwa.

"Nisamehe, injinia," alisema akihema. "Mlango ulipoanza kushuka niliruka nje. Nilikuita, hukusikia."

Shiundu hakugeuka. Mkono wake mmoja ulikuwa bado ndani ya tundu. Akalegeza vidole, auachie ule aliokuwa ameushika.

Wenyewe ukamkaza.